Jibu Liko Kwenye Keria

Ukitaka kujua kwa nini mtu anaendesha baiskeli nchini Uganda, tazama kwanza nyuma ya tandiko lake. Ukimuuliza moja kwa moja atakujibu kwa adabu kwamba anatafuta maisha tu, ssebo (bwana), na mazungumzo yatakomea hapo. Keria haifichi kitu. Iliyochomelewa nondo mbili za ziada kushuka mpaka kwenye ekseli ni ya mtu wa matoke. Yenye mto wa sponji uliovikwa plastiki, na vyuma vifupi vya kukanyagia pande zote mbili za gurudumu, ni ya abiria. Iliyokwanguka rangi kwa mviringo kushoto na kulia inabeba mikebe ya maziwa. Na ile yenye ukanda mmoja tu wa mpira, umezungushwa mara tatu, ni ya mwanafunzi au karani: mfuko, koti la mvua, basi.

Kwa hiyo swali zuri la kuanzia ni "Unabeba ngapi?" Mtu akitaja idadi, umbali unafuata. Umbali unaleta kilima, kilima kinaleta habari za breki, na breki zinaleta siku ile alipoanguka. Kufikia hapo ameshakueleza kwa nini anaendesha, na hukumuuliza.

Tuanze na mtu wa matoke, maana ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote. Baiskeli yake Waganda huiita maanyi ga kifuba, nguvu za kifua. Ni ile nzito ya muundo wa zamani wa Kiingereza, ambayo sasa hutoka zaidi India na China: magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma badala ya waya, gia moja, mara nyingi fremu ya bomba mbili juu. Tupu ina kilo 20 na ushee. Mkungu mzuri wa matoke una kilo 15 hadi 25, na mikungu sita inavuka kilo 100 bila shida. Abiria wa basi wanaompita kwenye barabara ya Masaka humwona anasukuma kwa miguu kilimani, wakasema masikini, baiskeli imemshinda.

Piga hesabu naye uone. Mtu kilo 60, baiskeli 20, mzigo 100, jumla 180. Kilima kinapanda mita 5 kwa kila mita 100, mwinuko wa kawaida kabisa. Sahani ya mbele ina meno 44 na friwili, gia ya gurudumu la nyuma, meno 18, hivyo mzunguko mmoja wa pedeli unaipeleka baiskeli mbele karibu mita 5 na nusu. Kwa kranki (mkono wa pedeli) ya milimita 165, kuupandisha uzito huo kunadai msukumo wa wastani wa zaidi ya kilo 47 kwenye pedeli, mzunguko mzima, hata pale kranki zinaposimama wima na mguu hauna pa kusukumia. Mtu wa kilo 60 angelazimika kusimama juu ya pedeli kwa uzito wake karibu wote, bila kupumzika, mpaka juu ya kilima. Anashuka kwa sababu anaijua hesabu hiyo miguuni. Anachokitaka kwenye baiskeli ni gurudumu: ni mgongo wa nadra sana wa binadamu unaobeba kilo 100 kwa kilomita 15, lakini gurudumu linabeba, naye anaongoza.

Ndiyo maana baiskeli yake ina fimbo mbili. Moja imefungwa kwenye usukani upande wa kushoto na kutokeza nje, ili aelekeze gurudumu la mbele akiwa anatembea pembeni, mbali na mikungu. Nyingine imesimamishwa nyuma ya tandiko, ya kusukumia na ya kuizuia isilale. Kwa kuwa hakuna anayekanyaga, hata nafasi ya ndani ya fremu inajazwa. Mikungu miwili mizito huning'inizwa chini kabisa, kushoto na kulia, vikonyo vikiwa juu vimekazwa kwenye keria. Inayofuata huegemezwa mbele, kwenye bomba la tandiko. Mwepesi ndio hukaa juu.

Makosa ya wanaoanza hutokea hapa. Wanapakia nyuma mno. Uzito ukipita nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linapungukiwa na mzigo, usukani unachezacheza, na kwenye kilima baiskeli inasimama kwa mkia. Ukishafunga kila kitu, inua usukani kwa mkono mmoja. Usukani ukiinuka bila wewe kujitahidi, fungua, sogeza mzigo mbele, funga upya. Na ufunge kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, upana wa vidole viwili. Kamba ya katani inalegea mzigo unapojikalia, wakati mpira unaufuata mzigo unaposhuka na kuendelea kubana. Ncha ya mpira chomeka ndani. Ncha inayoning'inia itaingia kwenye spoku, na gurudumu la nyuma litafunga ghafla ukiwa kwenye mteremko.

Spoku zenyewe zinastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndizo zinazomla mtu pesa na karibu kila mmoja anaamini kitu kisicho kweli. Wengi husema spoku hukatika kwa kukazwa mno. Hukatika kwa kulegea. Kila gurudumu linapozunguka, spoku zinazofika chini hupoteza mvuto kidogo, kisha huurudisha zikipanda. Spoku iliyokazwa inabaki na mvuto muda wote na inachezacheza kidogo tu. Iliyolegea inafika chini ikiwa haina mvuto kabisa, ikipanda inavutwa ghafla, chini inaachiwa, juu inavutwa, maelfu ya mara kabla ya saa sita mchana. Ni sawa na kukunja waya huku na huku mpaka ukatike. Mahali pa kukatika panajulikana, kwenye kiwiko, pale spoku inapoingia habu (kitovu cha gurudumu), tena mara nyingi upande wa friwili.

Baiskeli hizi kwa desturi zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Kagua zile 40 kwa masikio: inua gurudumu, lizungushe polepole, na kila spoku uiguse kwa kucha kama uzi wa zeze. Za upande mmoja zinapaswa kulia karibu sauti moja. Inayolia "tu" badala ya "ting" imelegea. Ikaze robo mzunguko, kisha angalia kama rimu imeyumba, kwa kushika kipande cha chaki kwenye fremu karibu na rimu na kuzungusha. Chaki ikigusa upande wa kulia tu, rimu imeegemea kulia, basi kaza zinazotoka upande wa kushoto hapo, legeza kidogo za kulia, robo kwa robo. Anayezungusha nusu au mzima ndiye anayeigeuza rimu kuwa namba nane.

Spoku ya upande wa friwili ikikatika, friwili lazima ifunguliwe ndipo mpya iingie. Fundi mwenye haraka huikunja spoku mpya ili ipenye bila kufungua. Mwambie kwa upole, "Fundi, nitasubiri, ifungue." Iliyokunjwa ndiyo itakayokatika ya kwanza. Na spoku tatu zikikatika mwezi mmoja upande uleule, acha kubadilisha moja moja. Zilizobaki zimechoka pamoja nazo, na kufuma gurudumu lote upya kwa spoku mpya ni nafuu kuliko safari nne kwa fundi na mikungu iliyoiva njiani.

Sasa Busia. Hapa jibu la kwa nini lina historia yake. Neno boda boda lilizaliwa huku, kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960, vijana walipoanza kubeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka kimoja mpaka cha pili, wakinadi "boda, boda". Miaka ya 1970, bidhaa zilipoadimika nchini na magendo kushamiri, baiskeli ilifaa kwa sababu inapita kwenye kijia ambacho lori halipiti. Pikipiki zilikuja kwa wingi kuanzia miaka ya 1990 na kulichukua jina. Siku hizi kijana wa Kampala anaposema boda hafikirii pedeli hata kidogo.

Lakini baiskeli za abiria hazijaisha. Zipo Busia na Malaba, zipo Tororo, Soroti na Lira, miji ya ardhi tambarare ambako safari ni ya kilomita moja au mbili. Ukizungumza na wazee wa kazi hii, kwa Kiswahili cha mpakani ambacho wengi wanakijua, utasikia neno moja likirudi: haidai. Pikipiki inadai mafuta kabla ya abiria wa kwanza. Pikipiki ya tajiri inadai fungu lake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Baiskeli ikilala siku mbili kwa sababu mtoto ana homa, hakuna anayegonga mlango. Watu wa mipango hupenda kusema kwamba waendesha baiskeli wamebaki nyuma. Mimi naona wamechagua kitu cha thamani, yaani asubuhi isiyoanza na deni.

Baiskeli ya abiria inaharibika kwa njia yake. Uzito wa abiria hauko tuli kama wa mkungu. Anapanda kwa kuruka, anashuka kwa kuruka, na akina mama huketi upande, hivyo keria inapindwa kila mara kuelekea upande mmoja. Nati za keria hulegea, tundu la boliti linapanuka, na siku moja keria inalala juu ya tairi. Weka washa pana na nati mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine. Mwambie abiria aketi kabla hujaanza kukanyaga, na miguu yake iwe juu ya vyuma, kwa kuwa kisigino kinachoingia kwenye spoku ni jeraha baya na linampata zaidi mtoto. Gomesi (gauni refu la kina mama) na leso zikusanywe mapajani, ncha zikaliwe.

Mvua ikinyesha, breki za vyuma kwenye rimu ya kromiamu hazishiki. Rimu ikiwa na maji, mpira wa breki unateleza juu yake kwa mizunguko kadhaa kabla haujaifuta. Anayezijua hubana kidogo mapema, mita thelathini au arobaini kabla ya pale anapotaka kusimama, ili afute maji kwanza, kisha ndipo anabana kwa nguvu. Hakikisha pia mipira yote minne ya breki inagusa rimu yenyewe, upande wa ndani, si spoku.

Magharibi, Mbarara na Kiruhura, maziwa yana haraka zake. Maziwa mabichi yasiyopozwa huanza kuchacha ndani ya saa chache, na kituo cha kukusanyia chenye tangi la baridi huenda kiko kilomita 10 au 15 kutoka kwenye zizi. Kwa miguu yatafika yamechoka. Kwa gari, gari halipo. Mikebe miwili ya aluminiamu yenye lita 25 kila mmoja ni kama kilo 52 za maziwa, bila uzito wa mikebe, na mwendo wa kilomita 12 kwa saa unamfikisha kabla jua halijakolea. Mpimaji kituoni akiyakataa, hakuna wa kumlalamikia. Kwa hiyo muulize mtu wa maziwa kuhusu baiskeli yake, atakueleza kuhusu pancha, kwa sababu pancha ndiyo hasara yake.

Pancha nyingi zinazoitwa pancha, kwanza, hazipo. Ni valvu. Tyubu za baiskeli hizi huwa na valvu yenye kijipira chembamba juu ya sindano, na kijipira hicho kikioza kwa jua upepo unatoka polepole usiku kucha. Kabla hujafungua gurudumu, weka mate juu ya valvu. Mate yakitoa povu, badilisha kijipira, kazi ya dakika mbili. Yasipotoa, toa tyubu nusu tu bila kufungua gurudumu, tia upepo, ipitishe karibu na mdomo na macho, sehemu ambazo ngozi huhisi upepo mdogo, au uizamishe kwenye karai la maji. Kwangua mahali pa tundu mpaka mng'ao uishe. Paka solusheni nyembamba, eneo kubwa kuliko kiraka. Kisha ngoja. Ngoja mpaka isinate kidoleni, dakika tano hivi. Viraka vingi vinavyobanduka njiani vilibandikwa solusheni ikiwa bado mbichi. Bandika, gandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi, taratibu, maana mwiba uliosababisha yote bado umo humo. Huko Teso na Karamoja, kaskazini mashariki, miiba ya migunga huvunjika na kubaki ndani, kichwa hakionekani nje.

Maji ni hesabu rahisi kuliko zote, na ndiyo inayobadilisha siku ya mtu kuliko zote. Kisima kiko kilomita 2 kutoka nyumbani na nyumba inahitaji madumu matatu ya lita 20. Kichwani ni safari tatu, kilomita 12 kwenda na kurudi, saa tatu za kutembea. Kwa baiskeli ni safari moja, kwenda ukiendesha, kurudi ukisukuma kilo 60, na saa haijaisha. Dumu moja kila upande wa keria na la tatu juu, yote yamejazwa mpaka mdomoni. Dumu lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa, maana maji yanayocheza ndani yanaisukuma baiskeli kila unapokata kona.

Hapa ndipo mtu anauliza, kwa nini basi anayechota maji ni mama au binti, na anayeendesha baiskeli ni mwanamume? Teso na Lango mwanamke juu ya baiskeli ni jambo la kila siku. Buganda ya zamani ilikuwa aibu, na mabaki ya aibu hiyo hayajaisha vijijini. Baiskeli ya nyumba inaondoka asubuhi na baba kwenda mjini, madumu yanabaki na watu wa kichwani. Ningependa kila mradi unaogawa baiskeli uulize kwanza saa nne asubuhi baiskeli hiyo itakuwa wapi. Fremu nayo ina neno. Bomba la juu linamzuia aliyevaa sketi au gomesi kupanda na kushuka haraka, hasa akiwa na mzigo. Fremu ya bomba lililoshuka, kifuniko kamili cha mnyororo na wavu wa kamba pembeni mwa gurudumu la nyuma vinatosha. Vitu hivyo viligunduliwa zamani sana, ila huku huwa vinang'olewa ili baiskeli iwe nyepesi kwa wanaume.

Mwanafunzi wa kilomita 6 sitakaa naye. Saa moja na robo kwa miguu, nusu saa kwa baiskeli, na anafika macho yakiwa yamefunguka. Tandiko lake tu liangaliwe. Ukiweka kisigino kwenye pedeli ya chini mguu unapaswa kunyooka. Watoto wengi huendesha matandiko ya chini mno kwa kuogopa kuanguka, halafu magoti yanauma.

Kampala ni habari nyingine. Anayeendesha kwenda ofisini kutoka Ntinda au Kyaliwajjala mara nyingi angeweza kulipa nauli ya teksi, yaani basi dogo la abiria. Anachokataa ni kukaa ndani ya teksi isiyojaa ikisubiri abiria wawili wa mwisho, kisha kukaa tena kwenye jamu. Kilomita 7 kwa baiskeli ni dakika 30 hadi 35, leo na kesho na Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Uhakika huo ndio anaoupenda. Nchi ina sera ya usafiri usio wa magari tangu 2012, na jiji limetengeneza barabara ya Namirembe na Luwum kwa ajili ya watembea kwa miguu na baiskeli, kipande kifupi kinachoonyesha inawezekana. Kwingineko unaishi kwa akili yako.

Akili hiyo ni hii. Kaa mita moja kutoka kwenye magari yaliyoegeshwa, mlango hufunguliwa bila mtu kutazama. Teksi ikiwa mbele yako na kondakta ameshatoa kichwa dirishani, inasimama sasa hivi, usiipite kushoto. Pikipiki zinapita pande zote, hivyo usihame mstari ghafla hata kukwepa shimo dogo, bora upunguze mwendo ulipite katikati. Mifereji mingi ya pembeni haina vifuniko, na siku ya mvua maji huficha ukingo wake. Mji umekaa juu ya vilima, na huku kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari pumzi ya mgeni huisha upesi. Wenyeji hupitia mabondeni, wanazunguka Kololo badala ya kuipanda. Jua huzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, na giza la ikweta halibishi hodi, kwa hiyo taa nyekundu ya nyuma iwe mfukoni hata kama ulipanga kuwahi.

Wa mwisho ni wa safari ndefu. Wapo wanaofundishwa na mashindano. Charles Kagimu aliiwakilisha Uganda kwenye mbio za barabarani za Olimpiki ya Paris 2024, na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, mji ambao kutoka Mbarara ni siku mbili au tatu za baiskeli. Wapo pia wanaoondoka Jumamosi na mifuko miwili tu, kutoka Kampala kwenda Jinja kilomita 80, au Masaka kilomita 130, wakipiga picha kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe.

Kwa Jinja, barabara kuu ya Mukono na Lugazi ni nyembamba na ina malori ya miwa. Wanaoijua hupitia Gayaza, Kalagi na Kayunga, wakaingia Jinja kwa upande wa Njeru. Ni ndefu zaidi, ila moyo unatulia. Upande wa Masaka kuna Lwera, kinamasi kilicho wazi, bila kivuli, upepo wa ziwa unakuja ubavuni na malori ya mchanga yanakuja nyuma. Ivuke kabla ya saa nne asubuhi, kisha ule Lukaya.

Ajali nyingi za barabara hizi zina sura moja. Ukingo wa lami umeliwa, kati ya lami na udongo kuna ngazi ya kiganja kizima. Basi linapiga honi, mwendeshaji anashuka kwenye udongo, basi linapita, naye anataka kurudi juu ya lami akiwa bado kwenye mwendo, kwa kujisogeza polepole pembeni. Gurudumu la mbele linakwaruza ngazi, halipandi, linaburutwa kando, na mtu anaangukia barabarani, mbele ya gari la pili. Ukishashushwa, baki chini. Punguza mwendo, tafuta mahali ngazi ni fupi, tazama nyuma, kisha panda kwa kuielekeza mbele moja kwa moja, au shuka kabisa uibebe.

Kwenye milima ya Kabale na njia ya Kisoro kupitia Kanaba, au ukitelemka kutoka Kapchorwa na Sipi, adui ni joto. Breki iliyobanwa dakika kumi mfululizo huchemsha rimu, na solusheni ya viraka vya zamani huachia. Bana kwa vipindi, mbele na nyuma kwa zamu, na usimame. Maji kidogo kwenye rimu yakitoa mvuke, kaa chini, tazama bonde.

Kunywa nusu lita mpaka robo tatu kwa saa, na kula kabla hujahisi njaa. Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), gonja (ndizi za kuchoma), kikombe cha bushera (uji wa nafaka uliochachushwa), vinapatikana kwenye vituo vingi. Tumbo likichafuka njiani, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko.

Vipuri ndivyo vinavyoamua ubebe baiskeli gani. Kijijini utapata tyubu za inchi 26 na 28, goroli za robo inchi, mnyororo wa gia moja. Hutapata tyubu za valvu nyembamba ya Kifaransa, wala mafuta ya breki za haidroliki, wala mnyororo wa gia kumi na moja. Tundu la valvu kwenye rimu likiwa pana, la milimita 8 na nusu, linaingia tyubu yoyote inayouzwa dukani. Likiwa jembamba, tyubu hizo haziingii. Mnyororo upime na futi ya chuma ya seremala kabla hujaondoka: pini hadi pini, pingili 24 ni inchi 12 kamili. Pini ikipita alama kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua mpya. Ikipita sehemu moja ya nane, na meno ya nyuma yamekwisha.

Wa safari ndefu hupata taabu kidogo akikutana na mtu wa matoke kivulini huko Lukaya au Lyantonde, kwa sababu swali sasa linamgeukia yeye. "Unabeba nini, ssebo?" Hema, jiko dogo, nguo, kilo 18 hivi. "Unampelekea nani?" Hampelekei mtu. Mwenzake anafikiri kidogo, anazunguka baiskeli, anainua usukani kwa mkono mmoja kuona uzito uko wapi, anabonyeza tairi la nyuma kwa dole gumba, kisha anamwambia aongeze upepo nyuma, kama pampu kumi hivi, mbele inatosha.